Nepi za Baba

Kwa nje yule ng'ombe hakuwa na kasoro. Alikuwa mwekundu, mnene, ngozi inang'aa. Kwa kawaida mimi na mwenzangu wa bucha tulikuwa tunanunua wanyama kutoka upande wa Oltepesi na Ewuaso, ng'ombe wa kula nyasi na kutembea mbali kufuata maji, lakini kiangazi hicho ng'ombe wa huko walikuwa mbavu tupu. Tukamchukua huyu kwa mtu mwenye zizi nyuma ya ploti mpya hapa Kitengela, na tukashangaa amenona vipi na mahali penyewe hakuna hata jani.

Nilimpasua mimi mwenyewe pale kichinjioni. Niseme mapema kwamba sina kinyaa cha damu. Nimeshika matumbo kwa miaka mingi, nimeyakung'uta, nimeyageuza, nimeyaosha, halafu nikaketi na kula chapati kwa mikono hiyohiyo baada ya kuinawa kidogo tu. Samadi ya ng'ombe ni nyasi iliyosagwa, na harufu yake naizoea kama mtu anavyozoea moshi wa jiko la kwao. Kwa hiyo nilipotumbukiza kisu kwenye lile tumbo kubwa sikuwa nawaza lolote.

Hakukutoka majani. Kulitoka kwanza maji ya kijivu, kisha kamba ya gunia, kisha mifuko ya nailoni iliyosokotana kama nywele, na katikati ya mifuko hiyo daipa za watoto, zimevimba kwa maji ya tumbo, kila moja kubwa kama mto wa kulalia. Nyingine zilikuwa zimepasuka na kumwaga ule ute wao wa ndani, vidonge laini vinavyoteleza, kama mayai ya chura. Moja ilikuwa bado imekunjwa vizuri na kubanwa na gundi yake, jinsi mama fulani alivyoikunja, na kiunoni ilikuwa na picha ya dubu anayecheka. Mvuke ukapanda. Haikuwa harufu ya samadi. Ilikuwa harufu ya choo cha mtoto na maziwa yaliyochacha, ikitoka ndani ya mnyama ambaye jioni watu wangemla na ugali.

Mwenzangu alisogea, akaangalia, akasema, "Kumbe huyu alikuwa analea nasari."

Mkaguzi wa nyama akaja na muhuri wake, akageuza ini, akageuza mapafu, akalisukuma lile tumbo kando kwa ncha ya buti. "Nyama iko sawa," akasema. "Hiyo ingine tupa." Nyama ikaenda bucha na ikanunuliwa yote. Mimi nilienda nyuma ya ukuta, nikainama, na chai ya asubuhi ikarudi ilikotoka. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kutapika kazini.

Siku hiyo nilimwambia mke wangu, "Hakuna daipa tena katika nyumba hii."

Mke wangu ni keshia katika supamaketi. Alikuwa ameketi na sahani yake ya githeri mapajani, binti yetu yuko chini kwenye mkeka, anajifunza kutambaa. "Kwa nini?" akauliza. Nikamweleza, pamoja na ule ute na yule dubu, na kabla sijamaliza akaweka sahani mezani na kuifunika kwa nyingine.

"Sawa," akasema. "Mama yangu alitulea sisi wote na nepi za nguo na hakuna aliyekufa. Lakini mimi nasimama pale kaunta mpaka jioni. Wewe saa nane uko hapa. Utaosha?"

"Nitaosha." Nilijibu haraka, kama mtu anayekubali kupanda mlima ambao hajauona.

Tukanunua nepi za taulo na za flana sokoni, pini kubwa zenye vichwa vya rangi, na suruali za nailoni za kuvalisha juu. Siku ya kwanza niliporudi kutoka bucha nilimchukua mtoto kwa mama anayelea watoto ploti ya mbele, na mama huyo akanikabidhi pamoja na mtoto mfuko uliofungwa fundo. Mfuko ulikuwa na joto. Niliubeba mbali na mwili wangu, mkono umenyooka, mpaka nyumbani.

Watu hudhani kinyesi cha mtoto ni kitu kidogo. Cha mtoto anayenyonya, labda. Binti yetu alikuwa ameanza viazi, ndizi na supu ya mbogamboga, na kile kilichokuwa ndani ya nepi kilikuwa na rangi ya haradali upande mmoja na ya majani upande wa pili, kimepakwa kwenye manyoya ya taulo na kukaukia humo. Ilibidi kukikwangua kwa kijiti juu ya choo. Kijiti kikiteleza, kinakurushia. Baada ya hapo unasuuza, na yale maji ya suuzo unayaona yanabadilika, na lazima uingize mkono ndani yake. Nilifunga kitambaa puani. Kikashika harufu kikanibania hapohapo usoni, ikawa mbaya kuliko bila kitambaa.

Na maji yetu! Aliyeishi Kitengela anajua maji ya kisima cha ploti. Ni ya chumvi, mazito mdomoni, na sabuni ikiingia humo haitoi povu, inatoa uji mweupe unaoganda kwenye kitambaa. Maji matamu ya kununua kwa mitungi tulikuwa tunawekea kupikia. Nepi zilizooshwa kwa maji ya kisima zilikauka ngumu kama mbao, na bado zilikuwa na mkojo ndani yake, umejificha. Hukuusikia zikiwa kavu. Mtoto akikojoa kidogo tu, joto la mwili likauamsha ule wa juzi na wa wiki jana, na harufu ikapanda inayochoma macho kama kitunguu. Nikajifunza kuloweka kwanza kwa maji baridi, kuchemsha kwenye sufuria ya zamani, kusuuza mwisho kwa maji matamu yenye siki kidogo. Nikajifunza kutoacha ndoo ilale, kwa sababu ndoo iliyolala inatengeneza ngozi juu, utando wa kijivu unaotetemeka ukiugusa.

Mama mmoja wa Kimaasai alikuwa anatuletea maziwa. Alinikuta kwenye karo la nje, kichwa nimekigeuzia ukutani, mikono iko ndani ya beseni.

"Takwenya," nikamsalimu.

"Iko," akajibu, akautua mtungi wake. "Wewe si ndio wa bucha? Unashika tumbo ya ng'ombe na mavi ndani, na hii kidogo ya mtoto wako inakutoa machozi?"

"Ile ni nyasi, Mama."

"Na hii ni viazi," akasema, akamimina maziwa yake, akaenda zake. Kinyaa hakisikii hoja. Kila siku nilisema kesho nitazoea, na kila siku koo lilipanda vilevile. Mvua za masika zilipokuja tulianika nepi ndani, kwenye kamba iliyopita juu ya meza, na tukala chini yake tukiwa tumeinamisha vichwa.

Basi nilidhani nimefika mwisho wa mambo hayo. Halafu Baba akaja.

Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa Murang'a, mzee wa kanisa, na mtu msafi kupita kiasi. Akikaribishwa chai kwa mtu, alimimina kidogo ya chai hiyo ya moto ndani ya kikombe, akaizungusha, akaimwaga nje ya mlango, ndipo akaruhusu kikombe kijazwe. Alipiga viatu rangi kwenda shambani. Nilipomwambia nimeingia biashara ya nyama alisema, "Nilikusomesha uende kushika matumbo," na kila nilipomtembelea alinikalisha karibu na dirisha, na dirisha akalifungua. Nadhani tumbo langu jepesi nililirithi kwake.

Kiharusi kilimkamata akiwa anakagua wachumaji wa kahawa. Upande wa kulia ukafa, mdomo ukaenda kando, na mkojo na haja kubwa vikaacha kumsikiliza. Mama alikwisha kufa zamani. Dada yangu alimtunza nyumbani mpaka yeye mwenyewe alipohitaji kufanyiwa upasuaji, ndipo akaniambia kwa simu, "Sasa ni zamu yako, na usiniambie mambo ya tumbo." Nikamleta Kitengela. Alikuja na suti yake, Biblia yake, redio yake ndogo, na mfuko wa daipa za watu wazima kutoka hospitalini.

Sikusema lolote kuhusu daipa. Kwa mtoto nilikuwa nimepiga marufuku. Kwa baba yangu nilizinunua kimyakimya. Tatizo lilikuwa mambo mawili. Kwanza, joto la chumba kile chenye paa la mabati lilimchemsha ndani ya ile plastiki mpaka ngozi ya mapaja ikaanza kuchubuka. Pili, gari la taka liliacha kuja. Magunia yakajaa getini, yakapasuka, na mbwa wa mtaa wakayajua.

Asubuhi moja nilikuwa nimemtoa Baba nje aote jua, amevaa koti lake, ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na kamba za nguo. Mbwa wa rangi ya kahawia akaingia getini akiwa ameuma kitu kizito kinachoburuta. Alikuja nacho mpaka katikati ya uwanja, akakilalia kwa miguu ya mbele, akaanza kukirarua. Pamba ikaruka. Upepo wa Kitengela haungoji. Uliichukua ile pamba yenye madoa na kuibandika kwenye sare za shule za watoto wa jirani zilizoanikwa, kwenye shuka, kwenye nywele za mwanamke aliyekuwa anapepeta maharage. Watu wakapiga kelele. Msimamizi wa ploti akaja na jiwe. Mbwa akakimbia na nusu, nusu nyingine ikabaki pale mbele ya viatu vya Baba vilivyopigwa rangi, imefunuka, yote yaliyomo yakiwa juu.

"Hiyo ni yangu," Baba akasema. Maneno yake bado yalikuwa mazito.

"Hapana, Baba. Ni takataka tu za watu."

"Ni yangu. Naijua." Alitazama kamba ambapo nepi za mjukuu wake zilikuwa zimepangwa mstari mmoja. "Mtoto mnamvalisha nini?"

"Nguo."

"Basi mimi pia nivalisheni nguo."

Niliokota ile nusu kwa koleo. Sitasahau uzito wake.

Mke wangu alizishona jioni hiyo na jioni zilizofuata. Alikata shuka za flana na taulo kuukuu, akazikunja tabaka juu ya tabaka, akaweka kamba za kufungia ubavuni kwa kuwa pini zingeweza kumdunga mzee bila yeye kuhisi. Alishona kwa upendo, nakiri, na kwa mkono mzuri kuliko wangu. Lakini kuvalisha hakuweza. Kwetu mke wa mwana hamvui nguo baba mkwe. Hata kupita mbele yake akiwa amelala si adabu. Na kusema kweli, mtoto wa kiume naye hapaswi kuuona uchi wa baba yake. Ni mwiko. Wazee wa zamani wangetafuta mbuzi wa kutakasa. Sisi tuliomba sala fupi, mke wangu akatoka chumbani, na mimi nikavuta blanketi.

Sitaeleza nilichokiona. Nitaeleza kuosha tu, kwa kuwa kuosha ndiko kulikonishinda.

Tulikuwa na mama wa kufua aliyekuja Jumamosi. Aliinua kifuniko cha ndoo mpya, akatazama, akakirudisha taratibu kama anayefunika maiti. "Ya mtoto nitaosha," akaniambia. "Ya mzee, nisamehe. Hata ukiniongeza. Nikiosha hiyo sitakula hadi Jumatatu." Sikumlaumu. Nilimwonea wivu kwa kuwa aliweza kukataa.

Kinyesi cha mtu mzima si cha mtoto kilichozidi kipimo. Ni kitu kingine. Kina nyama ndani yake, na dawa, na uzee. Dawa za Baba zilikipa harufu ya chuma na ya dawa ya meno, tamu kwa mbali, na utamu huo ndio ulioniua. Kilishika kwenye flana, kikaingia kwenye mishono aliyoishona mke wangu kwa uangalifu, na ilibidi nitumie kucha. Ndiyo, kucha. Glavu zilipasuka siku ya pili. Nilitapika kwenye karo, juu ya kile nilichokuwa naosha, kisha nikawa na vitu viwili vya kuosha badala ya kimoja. Nilitapika kesho yake na kesho kutwa. Nikaacha kula mchana kabisa ili kusiwe na kitu cha kutoka, na tumbo likatoa maji machungu ya njano. Kwenye bucha mwenzangu aliniuliza kama nina malaria.

Sikufikiria kwamba dirisha la chumba cha Baba lilikuwa juu ya karo lile.

Baada ya muda ndoo ikaanza kuwa nyepesi. Nilishukuru. Nilidhani dawa zinafanya kazi, nikamwambia hata dada yangu kwa simu kwamba mzee anapata nafuu. Lakini chumba kilikuwa kinanuka zaidi, si kidogo. Tulifungua dirisha, tukapiga deki kwa sabuni ya dawa, tukamshuku panya aliyekufa darini. Inzi wa kijani wakaja na kukaa. Mke wangu alisema, "Ni kama kuna kitu kinaoza," nami nikamwambia ni hewa ya machinjio, imenifuata nyumbani kwenye nguo zangu.

Jumapili moja wanakanisa walikuja kumwombea Baba. Waliketi sebuleni, akina mama wengi na wazee wachache, tukawaandalia chai ya maziwa na mandazi. Baba aliletwa akakalishwa kwenye kochi, amevaa suti, amenyooka kadiri alivyoweza. Mama mmoja mwenye cheo katika kikundi cha akina mama alikuwa anasimulia jinsi Mungu alivyoponya mguu wake. Wakati huo binti yetu alikuwa amekwisha kuanza kutembea, na hakuna aliyemwona akiingia chumbani kwa guka, babu yake.

Alitoka akiburuta kitambaa kikubwa cha flana. Alitembea moja kwa moja hadi kwa yule mama, akamnyooshea, kama watoto wafanyavyo wanapotaka kusifiwa. Yule mama, bado anaongea, akakipokea. Alidhani ni taulo ya kupangusia mikono, kwa maana alikiweka mapajani, karibu na andazi lake, na akaanza kukikunjua.

Kilikuwa kimeshikana. Kiliachana kwa sauti.

Sauti hiyo ndiyo iliyonyamazisha chumba. Halafu harufu ikafika, na nikaona nyuso zikiipokea mojamoja kuanzia kochi la karibu hadi mlangoni. Yule mama hakupiga kelele. Aliinua mikono yake miwili juu, vidole vimetanuka, akabaki hivyo, na kwenye sketi yake nyeupe ya chama kulikuwa na mstari wa hudhurungi, na juu ya mstari mabuu mawili yanajipinda kwenye mwanga. Mtu akakimbilia nje na kikombe chake. Mke wangu akamnyakua mtoto, akaanza kumpangusa mikono kwa kanga, kwa nguvu, mtoto akalia.

Baba alikuwa anatazama ukuta.

Nilikwenda chumbani nikainua godoro. Zilikuwa zimepangwa huko chini, juu ya mbao za kitanda, zimelazwa vizuri, zimenyooshwa pembe kwa pembe jinsi alivyozoea kukunja leso zake. Kwa mkono mmoja tu, mgonjwa, alikuwa amejifungua mwenyewe, akajifuta, akazilaza huko, na kujifunga nyingine. Zilikuwa zimekauka juu na kulowa chini. Godoro lilikuwa limenyonya mpaka katikati, na lilipoinuka mabuu yalianguka kutoka kwenye mshono wake kama mchele unaomwagika. Nilitoka, nikatapika nje mbele ya waumini, na sikujali tena nani anaona.

Walipokwisha kuondoka, bila kuomba, nilirudi kwake. Nilikuwa na hasira ambayo sikuwahi kumwonyesha mzazi.

"Baba, unaficha ya nini? Si nipo? Si naosha? Umetuaibisha mbele ya watu, na mtoto ameshika hayo mambo kwa mikono!"

Alichukua muda kuutafuta mdomo wake. "Nilikusikia ukitapika," akasema.

Nikavuta stuli, nikaketi.

"Kila siku nakusikia. Najua hiyo sauti. Ni kama yangu." Akavuta pumzi. "Nilisema, nikizificha, zitakauka. Zikikauka zitakuwa rahisi."

"Hazikuwa rahisi, Baba."

"Nimeona." Kisha akasema jambo ambalo sikutarajia kulisikia kwa baba yeyote. "Na mimi, kama ingekuwa ni wewe umelala hapa, nisingekuosha. Nakwambia ukweli. Ningeita mtu. Nepi zako sikushika hata moja. Mama yako akikubadilisha, nilikuwa natoka nje mpaka shambani."

Sikujua kama ananiomba msamaha au anaeleza tu. Alikuwa na macho makavu. Nami sikuguswa kwa namna ambayo mtu angependa kusimulia; nilichosikia hasa ni harufu ya godoro, bado iko puani, na hamu ya kutoka mle chumbani.

"Mimi nitaosha," nikamwambia. "Nitatapika na nitaosha. Hayo mawili yanaweza kwenda pamoja. Lakini usifiche."

"Na wewe usinifanye nikusikilize," akajibu.

Hilo lilikuwa ombi la haki. Tulipatana hivi: nilimnunulia ndoo yenye kifuniko cha kukaza, nikaiweka karibu na mkono wake mzima, iwe na maji na magadi kidogo ndani, na yeye ndiye angetumbukiza. Nilipokuwa naichukua kwenda nje, alinyoosha mkono na kuiongeza sauti redio. Taarifa ya habari, nyimbo za injili, matangazo ya vifo, chochote kilichokuwepo, kiliunguruma mpaka majirani wakazoea na kusema mzee ameanza kuwa kiziwi. Mimi chini ya dirisha nilikohoa, nikatema, nikasugua. Nikimaliza niligonga ukuta mara moja, na sauti ikashuka.

Godoro tulilichoma nyuma ya ploti. Lilichukua siku nzima kufa, na moshi wake mweusi ulikuwa na mafuta, ukaacha ladha kwenye meno. Sketi ya yule mama wa kanisa mke wangu aliiomba aifue, lakini alituma ujumbe kwamba ameitupa. Hakurudi tena kwetu. Wengine walirudi, wakakaa karibu na mlango na kukataa chai.

Baba hakupona, lakini alipata nafuu ya kweli safari hii. Daktari wa viungo alimfundisha kusimama kwa fimbo, na fundi seremala mmoja akamtengenezea kiti chenye tundu. Mchana akawa anakitumia mwenyewe, mlango umefungwa kwa komeo la ndani. Zikabaki nepi za kulalia tu, na za kulalia ni za mkojo zaidi, nami mkojo, baada ya hayo yote, niliuona kama maji ya kunawa. Zilipofika mvua za vuli dada yangu alikuwa na nguvu tena, akaja kumchukua. Tulizipanga zile flana kwenye sanduku lake chini ya suti. Yeye mwenyewe alikagua, akanusa moja kwa ncha ya pua, akaiweka kando. "Hii bado," akasema. Nikaiosha tena.

Ningependa kusema kwamba kazi ile ilinisafisha moyo, kwamba kwenye karo lile nilimpata baba yangu. Wanasimulia hivyo watu, hasa wale ambao wengine waliwaoshea. Mimi nilichokipata ni vidole vilivyopasuka na pua inayoamka peke yake. Mpaka leo nikipita karibu na flana iliyolowa, hata ikiwa mpya dukani na imenyeshewa na mvua tu, koo linapanda. Binti yetu sasa anakwenda chooni mwenyewe na kuniita nikatazame alichofanya, na mimi nasema "vizuri sana" nikiwa koridoni.

Juzi dada yangu alinipigia simu mchana. Hakunisalimu vizuri. "Leo imekuwa kubwa," akasema. "Imeingia mpaka kwenye mishono. Nimeiweka tu hapo nje na ninaitazama. Huku tuko na maji ya mto, sabuni inatoa povu, na bado siwezi."

"Maji baridi kwanza," nikamwambia. "Usitumie ya moto, itashika. Na usiiache ikae." Kwa kuongea tu mate yalikuwa yamejaa mdomoni, nikalazimika kuweka simu mbali na kumeza.

"Wewe uliwezaje siku zote hizo?"

"Sikuweza. Nilikuwa natapika, halafu naendelea."

Nyuma yake nilisikia redio ikiongezwa sauti, habari za bei ya kahawa, kwa nguvu mpaka spika inakwaruza. Dada yangu akaguna, akasema ngoja nijaribu, na kabla hajakata nikasikia maji yakianza kuanguka ndani ya beseni.